Nusu Kaputi na Ubongo Unaokua

Katika Kiswahili cha mitaani, usingizi anaotiwa mgonjwa kabla ya kupasuliwa huitwa nusu kaputi, na jina hilo limebeba hofu tangu mwanzo, kwa kuwa kaputi masikioni mwa wengi ni kufa au kuharibika kabisa, hivyo aliyepewa nusu kaputi hufikiriwa kuwa mtu aliyepelekwa nusu ya njia ya mauti kisha akarudishwa. Hofu hiyo huongezeka maradufu pale anayeingizwa katika chumba cha upasuaji anapokuwa mtoto mchanga, asiyeweza kusema anapoumia wala kueleza alivyoamka, na swali ambalo wazazi huliuliza katika wodi za watoto, mara nyingi kwa sauti ya chini, ni kama dawa hiyo itampunguzia mtoto akili atakapokua. Swali hilo si la ujinga. Wanasayansi wamelichunguza kwa zaidi ya miaka 20 katika maabara na hospitali za nchi nyingi, na majibu waliyoyapata yanastahili kujulikana kwa ukamilifu, maana mzazi aliyesikia nusu ya habari huenda akaahirisha upasuaji, na kwa baadhi ya maradhi ya utotoni kuahirisha huko ndiko kunakomnyima mtoto kuona, kusema au kufikiri kama wenzake.

Yafaa kwanza kutenganisha mambo ambayo mazungumzo ya kawaida huyachanganya. Ganzi ni dawa inayozuia neva za sehemu moja ya mwili zisipeleke habari ya maumivu kwenye ubongo, na mgonjwa aliyepigwa ganzi hubaki macho akisikia na kuona yanayotendeka. Sindano ya mgongo ni aina ya ganzi inayowekwa katika maji yanayozunguka uti wa mgongo, ikafanya sehemu ya mwili kuanzia tumboni kushuka chini isihisi kitu kwa muda. Nusu kaputi ni jambo jingine, kwa sababu dawa zake, ziwe za kuvutwa kwa pumzi kama halothani, isofluraini na sevofluraini, au za kupitishwa kwenye mshipa wa damu kama propofoli na ketamini, huufikia ubongo wenyewe na kuuzimisha ufahamu, kumbukumbu na maumivu kwa pamoja. Mtu mzima huweza kupasuliwa ngiri kwa sindano ya mgongo akiwa anazungumza na muuguzi, lakini mtoto wa mwaka 1 au 2 hatatulia kwa dakika 40 juu ya meza ya upasuaji, na ndiyo sababu kwa watoto wengi nusu kaputi huwa ndiyo njia pekee.

Dawa hizo hufanya kazi katika mahali ambapo seli moja ya neva hukutana na nyingine. Seli za ubongo hazigusani moja kwa moja, bali hupelekeana habari kwa kemikali zinazoruka pengo dogo na kushikwa upande wa pili na vipokezi, ambavyo vinaweza kulinganishwa na kufuli inayongoja ufunguo wake. Ziko kemikali zinazoichochea seli na ziko zinazoituliza, na karibu kila dawa ya usingizi ama huongeza nguvu ya zile zinazotuliza au huvifunga vipokezi vya zile zinazochochea. Katika ubongo uliokomaa, mabadiliko hayo huisha dawa inapotoka mwilini. Ubongo wa mtoto, hata hivyo, bado unajengwa: katika miaka 2 ya kwanza hukua hadi kufikia takriban robo 3 au zaidi ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima, hutengeneza maungio mapya ya neva kwa kasi isiyoonekana tena maishani, na hutumia mazungumzo hayohayo ya kikemikali kuamua seli ipi ibaki na ipi iondolewe. Hapo ndipo wasiwasi wa wanasayansi ulipoanzia, kwa kuwa kuyanyamazisha mazungumzo wakati ujenzi unaendelea si lazima kuwe na matokeo sawa na kuyanyamazisha baada ya nyumba kukamilika.

Kabla ya kufika kwenye wasiwasi huo, haki inataka ukumbukwe wasiwasi mwingine uliotangulia, ambao unaumiza moyo hata kuuandika. Dawa ya usingizi ilionyeshwa hadharani mjini Boston tarehe 16 Oktoba 1846, lakini kwa zaidi ya miaka 100 baadaye watoto wachanga wengi, hasa njiti, yaani waliozaliwa kabla ya wakati, walipasuliwa wakiwa wamepewa dawa ndogo mno ya kuondoa maumivu, wakati mwingine dawa ya kulegeza misuli tu pamoja na gesi nyepesi, kwa imani kwamba neva zao hazijakomaa kiasi cha kuhisi maumivu na kwa hofu kwamba dawa kali ingewaua. Mtoto aliyelegezwa misuli hawezi kulia wala kujikunja, na ukimya wake ulichukuliwa kuwa ushahidi kwamba haumii. Mwaka 1987 daktari K. J. S. Anand na wenzake wa Oxford walichapisha utafiti wa njiti waliofungwa mshipa mkubwa ulio karibu na moyo, ambao kwa kawaida hujifunga wenyewe baada ya kuzaliwa, wakaonyesha kwamba waliopewa fentanili, dawa yenye nguvu ya kuondoa maumivu, walikuwa na homoni chache za mshtuko na matatizo machache baada ya upasuaji kuliko wale ambao hawakupewa. Imani ya kwamba mtoto mchanga haumii ikaanguka.

Miaka 10 baadaye, mwaka 1997, watafiti wa Toronto walionyesha jambo linalogusa moja kwa moja jamii zinazowatahiri watoto wakiwa wachanga. Wavulana waliotahiriwa bila ganzi walilia na kukunja uso zaidi walipodungwa chanjo wakiwa na miezi 4 hadi 6 kuliko wale ambao hawakutahiriwa, na waliopakwa dawa ya ganzi walikuwa katikati ya makundi hayo mawili. Mwili ulikuwa umehifadhi kumbukumbu ambayo akili haingeweza kuisimulia. Kwa hiyo yeyote anayejiuliza kama dawa ya usingizi inaacha alama kwa mtoto hana budi kujua kwamba maumivu yasiyotibiwa nayo yanaacha alama, na kwamba kumpasua mtoto bila dawa si njia salama iliyosahauliwa bali ni kosa ambalo udaktari ulichukua muda mrefu kulikiri.

Wasiwasi mpya ulianza na panya. Mwaka 1999 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioongozwa na Chrysanthy Ikonomidou, uliobainisha kwamba dawa zinazofunga kimojawapo cha vipokezi vya kuchochea ziliua seli nyingi za ubongo wa panya wachanga, kwa aina ya kifo kiitwacho apoptosisi, ambamo seli hujivunja yenyewe kwa mpango uliomo ndani yake. Mwaka 2003 Vesna Jevtovic-Todorovic na wenzake waliwapa panya wa siku 7 mchanganyiko wa dawa 3 zinazotumika katika vyumba vya upasuaji, kwa muda wa saa 6, wakakuta seli zimekufa katika sehemu nyingi za ubongo, na panya hao walipokua walikuwa wazito wa kujifunza njia na kukumbuka mahali. Majaribio ya nyani wadogo yalifuata, na katika moja lililosikika sana, lililochapishwa mwaka 2011, nyani waliopewa ketamini mfululizo kwa saa 24 wakiwa wachanga walibaki nyuma katika mitihani ya kujifunza kwa miaka kadhaa. Habari hizo zilipofika kwenye magazeti zilizua taharuki, na ilikuwa haki zizue, kwa sababu kila mwaka watoto wengi mno duniani hutiwa usingizi kabla hawajaanza kutembea.

Hata hivyo panya si mtoto. Siku 7 katika maisha ya panya ni kipindi ambacho ubongo wake hupitia ukuaji ambao kwa binadamu huchukua miezi mingi, hivyo saa 6 za usingizi wake hufunika sehemu kubwa zaidi ya utoto wake kuliko saa 6 za mtoto wa binadamu. Tena panya mchanga ni mdogo kiasi kwamba ni vigumu kumpima shinikizo la damu, sukari na oksijeni kama inavyofanywa kwa mtoto hospitalini, na dawa alipewa bila upasuaji wowote, ilhali mtoto hupewa dawa kwa sababu ana jambo linalomdhuru. Majaribio ya wanyama yalithibitisha kwamba madhara yanawezekana, na yalidokeza kwamba muda mrefu na kurudiarudia ndivyo vyenye hatari. Kama yanawatokea watoto, na kwa kiasi gani, hilo halikuweza kujibiwa ndani ya kizimba cha panya.

Kuwachunguza watoto kuna ugumu wake. Mtafiti hawezi kumtia usingizi mtoto mzima asiye na ugonjwa ili aone kitakachompata, na akichukua tu waliopasuliwa na kuwalinganisha na wasiopasuliwa, atakuwa analinganisha watu wasiolingana, kwa maana waliopasuliwa walikuwa wagonjwa, wengi wao walizaliwa njiti, wamekaa hospitalini na wamelishwa kwa mrija. Katika utafiti wa Kliniki ya Mayo ya Marekani uliochapishwa mwaka 2009, uliofuatilia watoto 5,357 waliozaliwa kati ya 1976 na 1982 katika wilaya moja ya jimbo la Minnesota, waliotiwa usingizi mara moja kabla ya kutimiza miaka 4 hawakuwa na matatizo ya kujifunza zaidi ya wenzao, bali waliotiwa usingizi mara 2 au zaidi walikuwa nayo kwa wingi zaidi. Je, ni dawa iliyowadhuru, au ni ugonjwa uliowalazimu kurudi mezani mara ya pili na ya tatu? Katika mwaka huohuo utafiti wa mapacha wanaofanana wa Uholanzi, jozi 1,143, ulitoa jibu lenye uzito: pale pacha mmoja alipotiwa usingizi kabla ya miaka 3 na mwenzake asitiwe, wote wawili walikuwa sawa shuleni, jambo linaloelekeza kidole kwenye urithi, malezi au ugonjwa kuliko kwenye dawa.

Wasweden, ambao wana utamaduni wa kuweka kumbukumbu za kila raia, waliweza kufanya hesabu kubwa zaidi, iliyochapishwa mwaka 2017. Waliwachukua watoto wapatao 33,500 waliopasuliwa mara moja kabla ya miaka 4 bila kulazwa tena kwa upasuaji mwingine, wakawalinganisha na wengine karibu 160,000, na kukuta wastani wa alama zao za shule wakiwa na miaka 16 ulikuwa chini kwa asilimia 0.41, na alama za mtihani wa akili wa jeshi wakiwa na miaka 18 zilikuwa chini kwa asilimia 0.97. Tofauti hiyo ipo, lakini ni ndogo kuliko ile inayoletwa na kiwango cha elimu ya mama, na ndogo hata kuliko ile inayotokana na mwezi ambao mtoto alizaliwa, kwa kuwa aliyezaliwa mwishoni mwa mwaka huingia darasani akiwa mdogo kuliko wenzake.

Utafiti uliotatua sehemu ngumu zaidi ya swali ni ule unaojulikana kwa jina la GAS, na unafaa kuelezwa kwa kirefu kwa sababu ulibuniwa kwa akili nyingi. Waliouongoza, Andrew Davidson wa Melbourne na Mary Ellen McCann wa Boston, walitambua kwamba kuna upasuaji mmoja wa watoto wachanga ambao unaweza kufanywa kwa njia zote mbili, nao ni wa ngiri ya kinena, yaani utumbo unaosukumwa kupitia tundu lililobaki wazi penye kinena, tatizo linalowapata zaidi wavulana na hasa njiti. Mtoto mdogo wa wiki chache anaweza kufungwa vizuri kwenye kitambaa, akapewa ganzi ya uti wa mgongo, akanyonya kidole huku akipasuliwa, pasipo dawa ya usingizi kufika kwenye ubongo wake. Kwa hiyo kati ya 2007 na 2013, katika hospitali 28 za Australia, Italia, Marekani, Uingereza, Kanada, Uholanzi na New Zealand, watoto 722 waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa ganzi ya mgongo na nusu wakatiwa usingizi wa sevofluraini, kisha wakafuatiliwa hadi walipotimiza miaka 5. Ugonjwa ulikuwa mmoja, umri mmoja na kisu kilekile, na kilichotofautiana kilikuwa dawa peke yake.

Matokeo ya mwisho yalichapishwa mwaka 2019. Katika kipimo cha jumla cha akili, ambacho wastani wake katika jamii umewekwa kuwa 100, waliopewa ganzi walipata 99.08 na waliotiwa usingizi walipata 98.97. Watafiti wa Marekani waliowalinganisha ndugu wa tumbo moja, jozi 105, mmoja akiwa amepasuliwa ngiri kabla ya miaka 3 na mwingine hajapasuliwa, walikuta nao hawana tofauti ya akili. Mpaka hapo linaweza kusemwa bila kusitasita kwamba usingizi mmoja, wa muda mfupi wa chini ya saa 1 hivi, unaotolewa na mtu anayejua kazi yake kwa mtoto ambaye vinginevyo ni mzima, haumpunguzii akili. Sehemu iliyobaki na ukungu ni ya wale wanaotiwa usingizi mara nyingi au kwa saa nyingi: utafiti mwingine wa Mayo, wa mwaka 2018, haukukuta tofauti ya kipimo cha akili hata kwa waliorudia, ila waliorudia walikuwa wazito kidogo katika kasi ya kuchakata mambo na katika kazi za vidole, na wazazi wao walieleza matatizo zaidi ya tabia na ya kusoma.

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilikuwa imeshatoa tahadhari tarehe 14 Desemba 2016, ikisema kwamba matumizi ya kurudiarudia, au ya zaidi ya saa 3, ya dawa za usingizi kwa watoto wa chini ya miaka 3 na kwa wajawazito katika miezi 3 ya mwisho yanaweza kuathiri ukuaji wa ubongo. Tahadhari hiyo ilisambaa duniani kwa haraka, lakini mamlaka hiyo ilisema pia kwamba upasuaji unaohitajika usicheleweshwe. Ujumbe huo ndio wenye uzito zaidi kwa msomaji wa Afrika Mashariki.

Jicho linatoa mfano ulio wazi. Baadhi ya watoto huzaliwa na mtoto wa jicho, yaani ukungu mweupe katika lenzi unaozuia mwanga kufika nyuma ya jicho, na dalili yake ni mboni inayoonekana nyeupe au ya kijivu badala ya nyeusi. David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, walionyesha kwa paka wachanga kwamba jicho lililofungwa katika wiki za mwanzo huachwa na ubongo, na likifunguliwa baadaye halioni vema hata kama lenyewe ni zima, kwa kuwa sehemu ya ubongo iliyokuwa yake imekwisha kuchukuliwa na jicho jingine. Kwa binadamu, ukungu mzito wa jicho moja hutakiwa kuondolewa takriban katika wiki 6 hadi 8 za kwanza, na wa macho yote mawili usisubirishwe sana baada ya hapo. Katika hospitali zinazotibu macho ya watoto nchini Tanzania, kama KCMC ya Moshi na CCBRT ya Dar es Salaam, tatizo la miaka mingi limekuwa kuletwa kwa watoto waliochelewa kwa miezi na hata miaka. Upasuaji wao hufanikiwa, ukungu ukaondolewa, lakini ubongo umekwisha kuzoea giza. Hakuna chembe ya ushahidi kwamba saa 1 ya sevofluraini ingewaondolea kiasi hicho.

Kinywa nacho kina wakati wake. Mtoto aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka, tatizo ambalo mara nyingi huambatana na mdomo wa sungura, hawezi kuziba hewa isipite puani anapotamka, na akijifunza kusema kabla hajashonwa huzoea sauti za king'ong'o ambazo baadaye ni vigumu kuziacha. Utafiti wa watoto 558 wa Ulaya na Amerika Kusini, uliochapishwa mwaka 2023, uliwagawa katika wale walioshonwa wakiwa na miezi 6 na wale walioshonwa wakiwa na miezi 12, na walipofika miaka 5, hewa ilikuwa ikivuja puani kwa asilimia 8.9 ya kundi la kwanza na asilimia 15 ya kundi la pili. Miezi 6 tu ya kusubiri ilionekana katika usemi miaka 4 baadaye. Inafaa kuongeza kwamba mtoto anayesema kwa king'ong'o huchekwa, na mtoto anayechekwa hunyamaza darasani, na kunyamaza huko ni hasara ya makuzi ambayo vipimo vya maabara havina pa kuiandika.

Jambo kubwa kuliko yote, kwa eneo hili, ni kichwa kikubwa, ambapo maji ya ubongo yasiyopata njia ya kutoka hujaa ndani ya fuvu, yakalitanua na kuubana ubongo dhidi ya mfupa. Mashariki mwa Uganda watoto wengi hupata hali hiyo kufuatia maambukizi ya siku za mwanzo baada ya kuzaliwa, na hospitali ya CURE iliyoko Mbale imekuwa kwa miaka zaidi ya 20 mojawapo ya mahali ambapo dunia nzima imejifunzia tiba yake. Tiba ya kawaida ilikuwa kuweka shanti, mpira mwembamba unaoyapeleka maji kutoka ubongoni hadi tumboni, ambao huziba au kuingiwa na vijidudu na kumlazimu mtoto kupasuliwa tena na tena, jambo la hatari kwa familia inayoishi safari ya siku nzima kutoka hospitalini. Daktari Benjamin Warf aliyefanya kazi Mbale aliendeleza njia ya kutoboa tundu ndani ya ubongo kwa kamera ndogo na kuunguza tishu inayotengeneza maji hayo, na jaribio la watoto 100 wa chini ya miezi 6, lililochapishwa mwaka 2017, lilionyesha kwamba baada ya miezi 12 watoto wa njia zote mbili walikuwa sawa kiakili. Maana yake ni kwamba mtoto anaweza kupata tiba isiyomfunga kwenye mpira maisha yake yote, bila kulipia kwa akili yake. Na kila mara mtoto anapoepushwa kurudi mezani, anaepushwa pia nusu kaputi ya ziada, ambayo ndiyo hasa aina ya nusu kaputi inayotiliwa shaka.

Watoto wa moyo wanafundisha jambo tofauti. Karibu mtoto 1 katika kila 100 huzaliwa na kasoro ya moyo, na wengi wenye kasoro nzito, hata baada ya kurekebishwa vizuri, hukua wakiwa na ugumu wa kuzingatia, wa lugha au wa hisabati. Ingekuwa rahisi kuilaumu dawa au mashine ya kusukuma damu. Lakini picha za ubongo zilizopigwa kabla ya upasuaji zimeonyesha kwamba ubongo wa mtoto mwenye kasoro nzito ya moyo huwa nyuma kwa takriban mwezi 1 siku anayozaliwa, kwa sababu tangu tumboni haukupata oksijeni ya kutosha. Mtoto alikuwa ameshaanza kuchelewa kabla kisu hakijamgusa. Ndiyo maana wataalamu wa moyo wa Marekani walitoa mwongozo mwaka 2012 kwamba watoto hao wafuatiliwe makuzi yao hadi shuleni, na hitaji hilo liko palepale kwa watoto wanaotibiwa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam au kwingineko.

Ikiwa dawa yenyewe si adui mkubwa, hatari iliyo halisi zaidi chumbani iko katika pumzi, damu, sukari na joto. Mtoto mchanga hutumia oksijeni haraka kuliko mtu mzima na ana akiba ndogo, hivyo njia ya hewa ikiziba kwa dakika chache tu ubongo huanza kuumia. Hupoteza joto upesi kwa kuwa ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake. Na sukari yake hushuka akikaa na njaa muda mrefu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliohusisha watoto 8,625 katika hospitali 249 za nchi 31 za Afrika, ulikuta asilimia 18 walipata matatizo baada ya upasuaji na asilimia 2.3 walifariki, kiwango kinachozidi mara nyingi kile cha nchi tajiri. Shirikisho la dunia la vyama vya madaktari wa usingizi linapendekeza angalau madaktari 5 wa fani hiyo kwa kila watu 100,000, na nchi za Afrika Mashariki hazifikii hata 1, hivyo kazi kubwa hubebwa na wauguzi na maafisa tabibu waliosomea usingizi, ambao huwahudumia watu wengi kwa vifaa vichache na wanastahili heshima na mafunzo zaidi kuliko wanavyopata. Kipima oksijeni kinachobanwa kwenye kidole cha mtoto, kifaa kidogo kinacholia oksijeni inapopungua, huulinda ubongo wake kuliko mjadala wowote juu ya sevofluraini na ketamini.

Kwa mzazi, haya yote yanageuka kuwa maswali machache ya kumuuliza daktari bila aibu: upasuaji huu ukisubiri mtoto atapoteza nini, unaweza kuunganishwa na mwingine anaouhitaji ili atiwe usingizi mara moja badala ya mbili, nani atakayekaa kichwani mwa mtoto akimwangalia, na kama kipo kipima oksijeni. Njaa ya kabla ya upasuaji nayo ina kipimo chake. Chakula na maziwa ya kopo husimamishwa saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, na maji saa 2, huku vyama vya wataalamu wa Ulaya sasa vikiruhusu maji hadi saa 1 kabla. Mtoto anayeachwa na njaa tangu usiku hadi saa 8 mchana kwa sababu orodha ya wagonjwa imechelewa hadhuriwi na dawa, anadhuriwa na kusahauliwa, na mama ana haki ya kuuliza kama anaweza kumnyonyesha.

Baada ya kuamka, mtoto anaweza kuweweseka, kulia asitambue aliyemshika, kisha kwa siku au wiki kadhaa akakojoa kitandani, akaamka usiku au akakataa kubaki peke yake. Mabadiliko hayo yaliandikwa na madaktari tangu miaka ya 1940, hupita kwa watoto wengi, na hakuna ushahidi kwamba yanatokana na kufa kwa seli za ubongo. Mtoto aliyeshikwa na mzazi wake hadi dakika ya mwisho na kumkuta tena anapofumbua macho anaweza kufarijika. Yanayotakiwa kuangaliwa ni ya baadaye: mtoto aliyepasuliwa mara nyingi, au aliyezaliwa na kichwa kikubwa, kaakaa wazi au kasoro ya moyo, achunguzwe anavyosikia, na tena anapotamka maneno ya kwanza, anaposhika penseli na anapoanza shule, na tarehe ya kila upasuaji, muda uliochukua na dawa alizopewa viandikwe kwenye kadi yake ya kliniki, karibu na chanjo zake, ili mwalimu au daktari atakayempokea miaka 6 baadaye ajue pa kuanzia.